Otopailoti imetuzingua angani, mafundi wanasema hakuna kitu. Naombeni ushauri kabla ya safari ijayo

Bawa la Kushoto:
Wakuu habari za saa hizi. Mimi ni rubani msaidizi kwenye jeti ndogo ya injini mbili inayobeba viongozi wa kampuni. Naombeni ushauri wa waliokula chumvi angani kuliko mimi, na mafundi pia kama mpo.

Tukiwa tumetulia futi 38,000 iliwaka taa ya njano ya trimu (mfumo unaosawazisha pua ili usukani usiwe mzito), kisha ukaja ujumbe kwamba otopailoti, yaani mfumo unaorusha ndege wenyewe, inashikilia pua chini. Ndege ilikuwa imenyooka kabisa, hakuna aliyehisi kitu. Nyuma kuna abiria walikuwa wamesimama wanaongea. Kapteni akataka tuizime na kuiwasha tena tuone kama itakaa sawa. Nikamwomba tusubiri, tukafungua cheklisti, ile orodha ya hatua za kufuata. Tukiwa bado tunaisoma tukapewa ruhusa ya kushuka, na huko chini ujumbe ukafutika wenyewe. Tukatua salama.

Mafundi wameijaribu, kila kitu kinafanya kazi. Safari nyingine ni keshokutwa, abiria ni wale wale, na bosi ameshaambiwa ndege ni nzima. Ikirudia tukiwa juu, nianze na nini? Na je, naweza kukataa kuondoka na ndege ambayo kwenye karatasi haina tatizo?

Zamani Angani:
Pole mkuu, na ulifanya vizuri kumwomba kapteni asubiri.

Huo ujumbe usome kama ulivyoandikwa. Otopailoti ikisema inashikilia pua chini, maana yake ndege inataka kuinua pua na sevo ya otopailoti, yaani mota inayosukuma usukani kwa niaba yake, ndiyo inayoizuia. Kazi hiyo ingefanywa na trimu, lakini trimu haijasogea. Ndiyo maana mliiona ndege imenyooka. Ukiitoa otopailoti bila kujiandaa, mzigo wote iliokuwa imeubeba unaachiwa kwa mkupuo na pua inaruka juu.

Machi 2023 kuna jeti ya Challenger 300 ilitoka Keene, New Hampshire, ikielekea Leesburg, Virginia, kule Marekani. Marubani waliona ujumbe wa aina hiyo hiyo, wakafungua cheklisti, wakahamisha swichi ya trimu ya stabilaiza (bawa dogo la mkiani) kwenda OFF, yaani kuizima. Otopailoti ikajitoa papo hapo. Pua ikanyanyuka kwa nguvu inayozidi mara tatu ya uzito wa kawaida wa mtu, ikazama, ikanyanyuka tena. Abiria mmoja alifariki. Mpaka swichi ile inahamishwa, ndege ilikuwa inaruka vizuri tu.

Kwa hiyo kabla ya swichi yoyote, mikanda. Usiishie kuwasha ile taa ya mkanda, maana kwenye jeti za watu wakubwa hakuna anayeitazama. Tangaza kwa sauti: kila mtu akae afunge mkanda sasa hivi, vyombo vya moto viondolewe mezani. Subiri uthibitishiwe kwamba wamekaa. Ujumbe kama huo hauhitaji kujibiwa ndani ya sekunde kumi. Trimu inayokimbia yenyewe ni habari nyingine, ile ina hatua zake za kukariri na haingoji mtu.

Kisha anayerusha asogeze kiti, afunge mikanda ya mabega, ashike usukani kwa mikono miwili. Anayesoma cheklisti aseme wazi: "Nikitoa, pua itapanda." Na wote wawili mjue ni hatua ipi kwenye cheklisti itakayoitoa otopailoti, maana wakati mwingine haijaandikwa waziwazi, inajitoa kama matokeo ya swichi nyingine. Ikishatoka, zuia pua kwa utulivu. Ukiikimbiza kwa nguvu juu na chini, unaongeza mawimbi wewe mwenyewe.

Mwepesi:
Naona mnaikuza sana. Otopailoti ikisumbua toa, rusha kwa mkono, tumefundishwa hivyo tangu siku ya kwanza. Ikigoma kutoka vuta usukani kwa nguvu, itaachia.

Zamani Angani:
Ndugu Mwepesi, kuitoa tunakubaliana. Hilo la kuvuta kwa nguvu nakukatalia kabisa. Ukishindana nayo, trimu ya otomatiki inaweza kukusoma wewe kama upepo na kuzunguka upande ulio kinyume na mkono wako. Nagoya, tarehe 26 Aprili 1994, rubani wa Airbus A300 alisukuma usukani ili pua ishuke huku otopailoti ikiwa kwenye mpangilio wa kupaa upya. Stabilaiza ikaendelea kupandisha pua mpaka ndege ikapoteza mwendo. Walikufa watu 264 kati ya 271.

Na kwa jeti za aina yetu ipo Falcon 900 ya Septemba 1999, ikishuka kuelekea Bucharest, Romania, ikiwa na maofisa wa serikali ya Ugiriki. Taa ya hitilafu ya mfumo unaotia uzito kwenye usukani ilikuwa inawaka, marubani wakashindana na otopailoti, ikajitoa, usukani ukawa mwepesi mno kwa kasi waliyokuwa nayo. Ndege ikaanza kupanda na kuzama. Haikuanguka, ilitua. Lakini watu saba ambao hawakuwa wamefunga mikanda walipoteza maisha ndani ya kabini. Nikiona abiria anatembea huku nina taa ya njano mbele yangu, nafikiria ndege ile.

Otopailoti isipotoka kwa kitufe chekundu, kishikilie bila kukiachia, na cheklisti itakuonyesha umeme wake unakatwa wapi.

Anga Pana:
Niongeze kuhusu baada ya kuitoa, maana kazi haijaisha. Mlikuwa futi 38,000, ndani ya RVSM, ukanda wa vimo vilivyokaribiana, yaani kati ya futi 29,000 na 41,000 ambako ndege zinapishana kwa futi 1,000 tu. Humo unatakiwa uwe na mfumo wa otomatiki wa kushika kimo. Ukishaukosa, mwambie muongozaji wa ndege aliye chini mapema kwamba huwezi tena RVSM kwa sababu ya kifaa, atakupa kimo kingine. Usione aibu kulisema, waongozaji wanalitegemea kabisa.

Ukishushwa chini ya 29,000 piga upya hesabu ya mafuta kabla ya kukubali kuendelea na safari, kwani jeti huko chini inakula zaidi. Hapa ndipo naona marubani wengi wanajibana bila sababu. Wakiwa juu mafuta yalitosha, basi wanajiambia yatatosha tu. Angalia pia kama yaw dampa, kifaa kinachozuia mkia usiyumbe kushoto na kulia, imetoka pamoja na otopailoti. Ndege yenye mabawa ya kurudi nyuma ikiikosa huku juu inaweza kuanza kuyumba mkia na mabawa kwa pamoja, na jeti nyingine zina ukomo wa kimo ikiwa haifanyi kazi.

Kurusha kwa mkono kwenye hewa nyembamba kunataka vidole, msogeo mdogo sana. Pia angalia hali ya hewa ya unakokwenda. Kutua kwa CAT II au III, yaani kwenye ukungu mzito kwa kutegemea vifaa, bila otopailoti, kwa jeti nyingi, sahau.

Fundi Hangani:
Mimi ni fundi wa mifumo ya ndege. Kilichonigusa ni hapo uliposema ujumbe ulifutika mkishuka. Nje, kwenye futi 38,000, ni kama nyuzi 56 chini ya sifuri. Maji yakiingia kwenye eneo la mkia, au grisi ikiwa imechoka, kitu kinashikana kule juu na kuachia kikipata joto. Hangani, kwenye banda la matengenezo, ndani ya joto utakijaribu siku nzima, kitapita kila mara. Kwa hiyo "imejaribiwa ni nzima" ni kweli kwa hali ya hangani.

Usiandike "otopailoti ina tatizo". Maneno hayo hayanisaidii. Andika ujumbe neno kwa neno, kimo, kasi, joto la nje, mmekaa muda gani kwenye baridi, ilikuwa kwenye mpangilio gani, trimu ilisoma ngapi, na ujumbe ulifutika kwenye kimo gani. Omba misimbo ya hitilafu iliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya matengenezo isomwe kabla haijafutwa. Omba matundu ya kutolea maji mkiani yakaguliwe, na mvutano wa kebo upimwe. Uliza pia kama sevo au akchueta (mota inayosogeza) ya trimu iliguswa kwenye matengenezo ya karibuni.

Matengenezo ya otopailoti mbovu yanaweza kuahirishwa kwa MEL, orodha ya vifaa ambavyo ndege inaruhusiwa kuruka bila navyo, kwa ndege nyingi kwa siku chache tu na kwa masharti. Lakini hiyo ni otopailoti. Kama anayeshukiwa ni trimu yenyewe, huwezi kuificha nyuma ya kibandiko cha "haifanyi kazi" kwenye swichi ya otopailoti.

Bawa la Kushoto:
Nashukuruni sana. Fundi, kweli niliandika sentensi moja tu, leo nakwenda kuongeza maelezo yote. Linalobaki ni kapteni. Ni mtu mzima, namheshimu, na ndiye mkuu wa ndege. Nikimwambia hapana ataona namvunjia heshima.

Anga Pana:
Usimpe hapana, mpe swali, na mpe leo mkiwa wawili, usisubiri abiria wakiwa ngazini. "Kapteni, ule ujumbe ukirudi, tukubaliane: mikanda kwanza, wewe unarusha mimi nasoma, hatuiwashi tena mpaka chini, na tunaomba kimo cha chini ya 29,000. Mafuta tuweke ya kutosha kwa hilo?" Kapteni mzuri atalipokea. Akikataa kulizungumza, hapo una jibu la swali lako la pili, na uliandike kwa mkuu wa marubani kabla ya keshokutwa. Haki ya kutopanda unayo.

Fundi Hangani:
Na kama ratiba inaruhusu, omba ndege ipelekwe juu bila abiria, ikae kwenye baridi muda ule ule kama siku ile, fundi akiwa ndani na kompyuta yake. Ujumbe ukirudi, tunasoma misimbo ikiwa bado moto.