Mji unalindaje ardhioevu zake kwa vitendo?

kiokotee: Wadau naomba kueleweshwa, hivi mji ukisema unalinda ardhioevu unafanya nini hasa? Mabango ya kukataza ujenzi yapo, ila vifusi vinamwagwa usiku, asubuhi unakuta msingi umeshachimbwa.

matete_mabichi: Bango peke yake halisaidii kitu. Kwanza ramani, na mpaka wapime kipindi cha mvua sio kiangazi, maana kiangazi eneo linaonekana dogo na watu wanauziwa viwanja ndani ya bwawa kabisa!! Halafu huo mpaka uingie kwenye mipango miji ili kibali cha ujenzi kisitoke, na pembeni waache ukanda wa majani na matete, ndo unaochuja tope na uchafu unaotoka barabarani.

fundi mitaro: Naongezea, angalieni na maji yanakotoka. Mtaro ukigeuzwa kwingine eneo linakauka hata kama hakuna aliyejenga, baadae wanasema mbona hapa ni pakavu tu.

Mama Kambale: Na wavuvi wasifukuzwe jamani. Kolkata kule India majitaka ya mji yanaingia kwenye mabwawa ya samaki, jua na mwani vinayasafisha, watu wanavuna samaki kwahiyo wana sababu ya kupatunza, na eneo liko kwenye orodha ya Ramsar, ule mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, tangu 2002. Huo mkataba wa 1971 siku hizi unatambua hadi miji inayotunza ardhioevu zake, 18 ya kwanza ilitangazwa 2018.