Naomba ushauri: "few" na "a few" zinanichanganya

Wakuu, habari zenu. Najifunza Kiingereza mwenyewe, bado niko mwanzo kabisa. "Many" na "much" nimeshazielewa: vitu vinavyohesabika kama "books" vinachukua "many", visivyohesabika kama "water" vinachukua "much". Kilichonishinda ni hiki kijiherufi "a". Juzi nilimwandikia mwenzangu "I have few friends", nikimaanisha ninao kadhaa. Akanipa pole! Kumbe nimesema marafiki zangu ni wachache mno, karibu sina. Nilitakiwa kuandika "a few". Kwa Kiswahili "wachache" inabeba yote mawili. Halafu "information" nayo eti haihesabiki, wakati sisi tuna taarifa moja, taarifa mbili. Nyie mlizishikaje bila kukariri orodha?