Mrejesho: ile sehemu ya kuotea moto uani

Jamani nimerudi. Mwezi wa tatu niliuliza hapa niungie matofali na nini kwenye sehemu ya kuotea moto nje, maana baridi ya huku Kabale, Uganda, mnaijua. Fundi alishikilia simiti na mchanga tu basi, nikamwachia, nilipowasha moto mara ya tatu viungo vya matofali vikaanza kupasuka na kipande kikaruka mpaka mguuni kwa shemeji. Simiti ikipata joto kali maji yake yanatoka, inabaki unga.

Basi nikabomoa ndani yote, nikamfuata yule aliyenijibu hapa kwamba niungie na udongo wa kichuguu, nikaponda nikachekecha, ndoo moja ya udongo kwa mbili za mchanga laini, viungo vyembamba nusu sentimita hivi, chini ya hapo haiwezekani kwa matofali yetu haya yaliyopinda. Kwa nje nimeacha simiti na chokaa sababu ya mvua. Nikafunika na bati wiki mbili ikauke, halafu vimoto vidogo vya vijiti siku nne.

Kona ya kushoto kuna ufa kama unywele, nimeupaka udongo tu. Jana tumechoma mahindi hapo mpaka saa nne usiku, fundi naye alikuja kula, hakusema kitu.