MREJESHO: Kushuka mlima kwa baiskeli Bolivia

Wakuu wa Dodoma, niliuliza breki zipi zinafaa kushuka barabara ya zamani ya Yungas huku Bolivia ninakosoma. Nimeshuka salama. Asante sana mkuu wa Area C uliyesisitiza breki za diski za mafuta, na kubana na kuachia. Ukizishikilia muda wote zinachemka.

Tulianzia kileleni La Cumbre, mita 4,650 hivi juu ya usawa wa bahari, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Yolosa, kama mita 1,200, karibu sawa na Dodoma, tulifika tunatiririka jasho.

Jambo moja mjue: Bolivia huendesha kulia, ila njia hii ni kushoto. Anayeshuka hupita ukingoni mwa korongo ili dereva, ambaye huku hukaa kushoto, aone tairi lake. Inatisha kweli!

Likizo nakuja, tujipange kushuka kilima cha Mlimwa hapo Dodoma.