Je, wageni wenye maarifa makubwa wanaweza kukutana kwa amani na ulimwengu wa zama za mawe?

MwanaSayari:

Wanajukwaa, nawasalimu. Ninaandika riwaya ya kisayansi kuhusu viumbe walioendelea sana wanaofika katika sayari ambayo wakazi wake bado wanachonga mawe, wanawinda kwa mishale na kuishi katika makundi madogo madogo. Sitaki vita wala utumwa katika kisa hiki. Nataka wageni wenye nia njema kabisa, wasiotamani ardhi wala madini ya wenyeji wao. Hata hivyo, kila ninapofika kwenye sura ya siku ya kwanza ya kukutana ninakwama, kwa sababu siamini ninachokiandika: chombo kinatua, zawadi zinatolewa, watu wanafurahi na mambo yanaishia hapo. Je, katika historia ya binadamu wenyewe pana mahali ambapo watu wenye nguvu kubwa za kiufundi waliifikia jamii iliyojitenga pasipo damu kumwagika, na ni nini kilichowezesha amani hiyo? Pia ningependa kujua maoni yenu: je, mgeni mwenye nia njema anapaswa kwenda hata kidogo?

Bahari_Kuu:

Ndugu MwanaSayari, kisa kilicho karibu zaidi na unachokitafuta ni cha kisiwa cha North Sentinel, katika visiwa vya Andaman vilivyo chini ya India, kwenye Ghuba ya Bengali. Ni kisiwa kidogo chenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 60, na wakazi wake wamekuwa wakiwafukuza wageni kwa mishale kwa muda mrefu. Sababu mojawapo inaweza kuwa ya zamani: mwaka 1880 ofisa wa Kiingereza, Maurice Vidal Portman, aliingia kisiwani na kikosi chake, akawachukua wazee wawili na watoto wanne hadi Port Blair. Wazee walikufa kwa maradhi, na watoto wakarudishwa kwao wakiwa na zawadi. Portman hakujiona kuwa mtu katili, na hilo ndilo jambo ambalo ningependa ulitafakari unapowaumba wageni wako wema.

Mwaka 1967 mwanaanthropolojia T. N. Pandit alifika huko na msafara wa serikali ya India, akakuta vibanda vitupu, kwa kuwa wenyewe walikuwa wamejificha msituni. Misafara iliyofuata iliacha zawadi ufukweni na kuondoka. Mwaka 1974 wapiga filamu walipoandamana na msafara mmojawapo, mwongozaji wao alipigwa mshale pajani, na nguruwe aliyeachwa kama zawadi alichomwa mkuki na kufukiwa mchangani. Kilichokubaliwa miaka yote ni nazi, kwa sababu minazi haioti kisiwani humo.

Tarehe 4 Januari 1991, timu iliyokuwa na mwanaanthropolojia Madhumala Chattopadhyay ilizitupa nazi majini kutoka kwenye mashua, na kwa mara ya kwanza wenyeji waliingia baharini kuzichukua huku wageni wakiwa karibu nao. Kijana mmoja alivuta upinde kumlenga Madhumala, lakini mwanamke wa palepale kisiwani akamsukuma na mshale ukaanguka majini. Baadaye Madhumala mwenyewe alishuka ndani ya maji na kuwakabidhi nazi mkononi. Mwezi uliofuata walikuja bila silaha na kupanda mashua kujichukulia nazi.

Naomba uuangalie vizuri mpango wa tukio hilo. Wageni walibaki majini, na wenyeji ndio walioamua umbali, muda na mwisho wa mkutano. Desturi yetu ni kwamba mtu hupiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa huenda zake bila kinyongo. Wale waliendelea kupiga hodi kwa zaidi ya miaka 20, kisha walipoitikiwa hawakuingia ndani. Katikati ya miaka ya 1990 serikali ya India ilisitisha safari hizo, na leo ni marufuku kukikaribia kisiwa hicho. Kwangu mimi uamuzi huo wa kuacha ni sehemu ya amani yenyewe, kwa sababu Wajarawa, majirani zao katika visiwa hivyohivyo, walipoanza kutoka msituni mwishoni mwa miaka ya 1990 walikumbwa na surua mwaka 1999.

Mzee_wa_Busati:

Nimesoma kwa makini, lakini kuna upande ambao sioni ukizingatiwa. Tunapowaacha watu peke yao, tunawanyima pia dawa na maarifa, nao hawakuulizwa. Katika nyanda za juu za New Guinea, Waaustralia waliotafuta dhahabu kuanzia mwaka 1930 waliwakuta watu wapatao milioni moja waliokuwa wakitumia mashoka ya mawe, na ambao ulimwengu wa nje haukuwa na habari zao. Wengi wa wenyeji hao walidhani wageni ni mizimu ya wazee wao waliofariki, lakini punde wakagundua kuwa ni watu, wakaanza kubadilishana nao nguruwe na mazao kwa makombe ya chaza na mashoka ya chuma. Kuna walioupenda ulimwengu mpya na kuutumia kwa akili sana. Sikatai kwamba damu ilimwagika, kwa maana kundi la Michael Leahy lilipiga watu risasi. Ninachosema ni kwamba watu wa zama za mawe si watoto wa kufungiwa nyumba, na riwaya isiyowapa nafasi ya kutaka kitu itawadharau kuliko hata risasi.

Nuru_T:

Mzee wangu, nakuunga mkono kuhusu heshima, lakini kutaka kitu na kuweza kuepuka madhara yake ni mambo mawili tofauti. Watu wa North Sentinel wenyewe wanalijua hilo: meli ya mizigo Primrose ilipokwama kwenye miamba yao mwaka 1981, walichukua chuma chake wakatengenezea vichwa vya mishale. Walijichagulia walichokihitaji, na hakuna aliyeingia kijijini kuwafundisha.

Linganisha na Wapanará wa Brazil. Mwaka 1973 ndugu wawili, Cláudio na Orlando Villas-Bôas, walifanikiwa kukutana nao kwa amani baada ya subira ndefu, wakati barabara ya kutoka Cuiabá kwenda Santarém ilipokuwa ikipasua ardhi yao. Hakuna Mpanará aliyepigwa risasi siku hiyo. Kilichofuata ni mafua, kuhara na malaria, na mwaka 1975 waliohamishiwa hifadhi ya Xingu walikuwa 79 tu, wakati awali walikuwa mamia. Mambo ya namna hiyo yalimfanya Sydney Possuelo na wenzake katika FUNAI, idara ya serikali inayoshughulikia watu wa asili, kubadili msimamo mwaka 1987: tangu hapo kanuni imekuwa kutowafuata watu waliojitenga, na kuwalindia mipaka ya ardhi yao.

MwanaSayari:

Nawashukuru sana nyote. Nuru, nikiuliza zaidi: viumbe wangu wametoka katika uhai wa aina nyingine kabisa, hivyo vijidudu vyao huenda visiweze kuishi katika miili ya wenyeji. Tukiondoa maradhi, je, bado pana hatari?

Nuru_T:

Ipo, na kwa maoni yangu ndiyo itakayokupa riwaya nzuri zaidi. Katika rasi ya Cape York, kaskazini mwa Australia, watu wa Yir Yoront walitumia mashoka ya mawe ambayo mawe yake yalitoka machimbo ya mbali sana kusini, yakipita mkono hadi mkono kati ya wanaume waliokuwa washirika wa biashara. Shoka lilimilikiwa na wanaume watu wazima. Mwanamke aliyetaka kupasua kuni, au kijana, aliliomba kwa mume, baba au kaka, na kila ombi lilithibitisha nani ni nani katika ukoo.

Wamisionari waliofika mwaka 1915 waligawa mashoka ya chuma kwa ukarimu, wakiwapa hata wanawake na vijana. Ikafika mahali mzee akawa anaazima shoka kwa mkewe au kwa kijana mdogo, ushirika wa biashara ukalegea, na mikutano mikubwa ya kiangazi, ambako mashoka yalibadilishwa, ikapoteza mvuto wake. Hapakuwa na ugonjwa ndani ya shoka hilo, wala nia mbaya kwa aliyelitoa.

Kwa hiyo, katika chombo chako ningemweka mhusika mmoja ambaye kazi yake ni kuchunguza kwa miaka mingi, kwa mbali, nani anamiliki nini na nani anamwazima nani, naye awe na mamlaka ya kuzuia zawadi yoyote isishushwe, hata kama nahodha mwenyewe ameiridhia.