Mrejesho: CSS yote imepatikana

Ndugu zangu, ahsanteni sana. Niliuliza jinsi ya kutoa CSS yote (kanuni za mwonekano wa kurasa) ya tovuti ya nyumba ya wageni hapa Lamu, maana kupakua mafaili ya .css kuliacha mitindo inayoingizwa na JavaScript.

Puppeteer, maktaba ya kuendesha kivinjari kwa msimbo, imemaliza kazi. Inaendesha Chrome bila dirisha. Nangoja ukurasa utulie, kisha nasoma cssRules (kanuni zenyewe) za kila kilichomo kwenye document.styleSheets, yaani orodha ya laha za mitindo za ukurasa. Hata kanuni ambazo JavaScript huziongeza kwa insertRule, ambazo kwenye HTML lebo yake ya <style> huonekana tupu, zimo! Nimefurahi mno.

Faili la CSS la fonti kutoka kikoa kingine lilikataa kusomwa kwa njia hiyo kwa sababu za usalama. Hilo nalidaka kwa page.on('response'), inayosikiliza majibu ya seva, na lazima iwekwe kabla ya goto, amri ya kufungua ukurasa.