Ukili, ngoma na wazee: nianzie wapi kuwaandalia wanachuo ratiba ya utamaduni na ustawi?

Mlezi wa Wanafunzi, Tanga

Ndugu zangu, salaam. Ninalea wanafunzi katika chuo kimoja hapa Tanga, na wanaonibishia hodi siku hizi si wenye shida ya ada peke yao. Wapo wasiopata usingizi, na wapo waliokata mguu darasani kwa upweke. Nimesoma kwamba nchini Kanada, ambako watoto wasiopungua 150,000 wa wenyeji wa asili walipitishwa katika shule za bweni zilizokusudiwa kuwasahaulisha lugha na mila zao, vyuo vikuu sasa vina nyumba maalumu kwa wanafunzi wa jamii hizo. Ile ya Chuo Kikuu cha British Columbia ilifunguliwa mwaka 1993. Katika nyumba za namna hiyo wazee hukaa na vijana, shanga hutungwa, na majani makavu hufukizwa kwa dua.

Sisi tulifanya "siku ya utamaduni". Wazee wa ngoma waliketi juani saa tatu nzima wakimsubiri mgeni rasmi, wakacheza dakika kumi, wakapewa soda, wakarudi kwao. Niliona haya. Nifanyeje?

Binti wa Pangani

Shikamoo, mwalimu. Anzia kwenye ukili, ule ususi wa mikeka. Marehemu bibi yangu alikuwa akichana ukindu kwa ukucha, akiulowesha kidogo ili usikatike, kisha ananipa ncha nisuke. Nikikosea aliufumua bila neno na kunirudishia. Macho yakiwa mikononi, mtu husema asiyoweza kuyasema akitazamwa usoni, na mimi msiba wa baba nilimweleza bibi hivyo hivyo, ukili ukiendelea. Chagueni siku moja ya wiki, baada ya alasiri, barazani, juu ya mkeka na si vitini. Katika tangazo msiandike "ushauri nasaha", kwa sababu mwenye shida hatakubali kuonekana akiingia.

Fundi wa Ngoma, Bagamoyo

Huku kwetu ngoma imefundishwa chuoni tangu mwaka 1981, kilipoanzishwa Chuo cha Sanaa ambacho leo ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kwa hiyo hakuna ajabu ngoma kuingia katika ratiba ya masomo. Ila ngoma za unyago zina wenyewe. Muulizeni kungwi lipi laonyeshwa na lipi halitoki ndani. Na mzee alipwe, tena kwa fungu lililomo katika bajeti, kama alipwavyo mhadhiri mgeni. Katika jamii nyingi za asili za Kanada, anayekwenda kumwomba mzee msaada humpelekea kwanza tumbaku, nasi tulikuwa na kilemba cha fundi, yaani ada yake ya heshima. Soda si kilemba.

Muuguzi Mstaafu

Nakubaliana na waliotangulia, nami naongeza jambo moja zito. Mwaka 1984 daktari Mmaori wa New Zealand, Mason Durie, aliifananisha afya na nyumba yenye kuta nne, yaani mwili, akili, roho na jamaa, ambayo ukuta mmoja ukitikisika yote huyumba. Baraza la ukili litaushika vizuri ukuta wa jamaa, lakini kijana akitamka kwamba hataki kuishi, yule bibi awe amekwisha kuelekezwa ampeleke kwa nani, saa ile ile, na asiachiwe siri hiyo peke yake. Kuhusu kufukiza, waulizeni wanafunzi kwanza, kwani chetezo na ubani kwa wengine ni ibada na kwa wengine ni uganga. Tena chuoni hapo wamo Wasukuma na Wahaya. Nao waulizwe kwao hukaaje na wazee.

Mlezi wa Wanafunzi, Tanga

Nawashukuru sana. Tutaanza Alhamisi, bila mgeni rasmi. Fungu la bajeti nimeliombea kwa barua leo asubuhi. Bibi mmoja wa Chumbageni amekubali kuja, na ameuliza jambo moja tu: aje na ukindu wake, au tutanunua Mgandini?